Ule Ukuta Wako wa Kisaju

Mama Mutheu, rafiki yangu,

Ukuta bado uko. Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama watu wamekula. Ule ukuta wa chekechea pale Kisaju, uliouacha nusu siku ile kifua kilikubana tukakukimbiza hospitali Kajiado. Twiga wako yuko. Mti uko. Yule mama aliyebeba mtungi pia yuko, bado hana uso, vile ulimwacha. Lakini roho yangu haijatulia, na nikimwambia mtu mwingine atasema, ai, wasiwasi yote hii ni ya rangi tu?

Uniwie radhi kwa mwandiko. Shule niliacha nikiwa mdogo, unajua, na herufi zangu nyingi nilizijua kwa vibao vyako, nikikushikia ngazi ukiandika KINYOZI na BUCHA. Hata sasa naandika kubwa kubwa, kama mtu atasoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Tuliporudi kutoka Machakos kukuzika, Mwalimu Janet wa chekechea aliniita. Alilia kidogo, ni mtu mzuri yule, kisha akasema, "Mama Simaloi, shule ikifunguliwa wazazi watakuja. Siwezi kuwaonyesha ukuta nusu. Kuna fundi Kitengela, atapiga yote nyeupe aanze upya."

Nyeupe! Nikaona twiga wako akimezwa kuanzia miguu. Mdomo ukajisemea, "Nitamalizia mimi." Mwalimu akaniangalia. Mimi, mtu wa kuchanganya rangi na kuosha brashi! Hata yai sijawahi kuchora. Na pale karibu na yule mama ulikuwa umeacha mahali pa ng'ombe, tumbo na miguu kwa chaki tu. Mvua ikija mara moja, hakuna kitu.

Nikaanza na makaa, juu ya maboksi ya sabuni. Ng'ombe wa kwanza, Simaloi alimgeuza huku na huku akauliza, "Mum, hii ni ng'ombe ama ni kochi?" Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Mimi nimekamua ng'ombe tangu utoto, najua kila kitu yake, na haikubali kuingia kwa boksi!

Halafu nikakumbuka vile ulikuwa unanigombeza nikijaza rangi. "Wuui, kwani unakamua? Legeza hiyo brashi!" Na ile siku nilikosoa mbuzi wako wa pale bucha, nikasema umekula mguu mmoja, ukanijibu, "Najua mbuzi ana miguu minne. Kutoka hapa ulipo, unaona mingapi?" Basi nikaenda kwa boma la shemeji nikasimama kwa ua na boksi langu. Ng'ombe hawangoji. Ukishachora shingo, ameshageuka. Nikaacha kuchora ng'ombe mzima. Nikawa nachora ule uwazi ulioko katikati ya miguu, ile pembe ya mwanga inayobaki chini ya tumbo, na miguu ikaanza kusimama yenyewe. Nilinyoosha mkono na kijiti, jicho moja nimefunga, kupima kichwa kinaingia mara ngapi kwa mgongo, kama wewe. Shemeji akauliza wenzake, "Huyu anapiga hesabu ya kutuibia?"

Nilirudia mpaka maboksi yakaisha kwa duka. Kisha nikaenda Kisaju nikapaka. Wa madoa, kahawia na nyeupe, mkia unapiga nzi. Mama Mutheu, alitoka ng'ombe! Nilisimama mbali nikamwangalia, nikakutafuta nyuma yangu nikuonyeshe.

Kesho yake akaja mzee mmoja wa kamati. Akanisalimia, sopa, nikaitikia, naye macho yako kwa ukuta.

"Hii ng'ombe ni ya nani?"

"Ni ya shule, mzee."

"Hapana. Hii ni ya watu wa bwana yako. Angalia sikio."

Nikaangalia. Sikio la kulia nilikuwa nimelikata juu, vile boma letu tunakata ng'ombe wetu wajulikane, maana kila boma lina mkato wake. Si eti nilipanga. Tangu niolewe kila ng'ombe mbele yangu ana sikio hilo, na mkono ulienda hapo kama unaenda nyumbani.

"Kiwanja tulitoa sisi wote," mzee akasema. "Sasa ng'ombe ya shule imekuwa ya boma moja?"

Mama mmoja aliyekuwa anapita akadakia, "Na yetu mtachora wapi? Kwa choo?" Watu wakacheka, lakini ilikuwa ile kicheko iko na mfupa ndani.

Nikasema ni kitu kidogo, naziba tu pale palipokatwa. Mzee akatikisa kichwa. "Ng'ombe mkubwa hivi na masikio hayajakatwa? Hiyo watoto watajua ni ya wizi, alama imefichwa."

Mwalimu Janet alikuwa amesimama mlangoni. Akasema polepole, "Mama Simaloi, wacha tu nimpigie yule fundi." Nikamwomba siku kidogo, sijui hata nitafanya nini nazo.

Jibu lilikuwa pale pale kwa boma la shemeji, limefungwa kamba likilia mama yake. Ndama! Ndama bado hajakatwa sikio na hakuna mtu anamuuliza kitu.

Sasa, mimi nilidhani ndama ni ng'ombe aliyepunguzwa. Nikachora hivyo, na Simaloi akasema, "Huyu ni ng'ombe mzee lakini ako mbali." Kweli. Nikarudi kuangalia upya. Kichwa kikubwa kwa mwili, magoti kama mafundo, miguu mirefu kama ameazima. Nilipomweza, nikamfuta ng'ombe wangu kwa rangi ya udongo. Iliniuma, siwezi kukuficha. Lakini hofu kubwa ilikuwa mkono wa yule mama wako, uko karibu sana na pale. Niliubandikia gazeti, nikampaka ndama nikiwa nimeshika pumzi.

Mzee alirudi jana. Alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta, akaangalia sikio moja, akaangalia lingine. "Huyu bado," akasema, na akaenda kukaa kwa kivuli. Mwalimu Janet akanishika mkono. Fundi haji. Ila akaongeza, "Lakini mama bila uso, watoto wataogopa. Mmalizie."

Sasa ndio hiyo, Mama Mutheu. Ndama ni wangu, nikiharibu nafuta. Yule mama ni mkono wako wa mwisho. Nachora Simaloi akiosha vyombo, macho yanatoka maharagwe. Nachora tena, mdomo unapanda. Wazazi wanakuja Jumatatu.

Nilimpigia Mutheu wako nimuulize kama kuna siku ulimwambia huyo mama ni nani. Akasema, "Aunty, usimfanye mrembo sana. Mum alisema ametoka mtoni na bado hajapika." Tukacheka.

Basi hiyo najua. Uso wa kutoka mtoni na bado kupika, huo siendi kuazima mahali. Leo nimechora jicho moja limelegea kidogo, na Simaloi hakucheka. Alikaa akiliangalia, akaniletea chai.

Lala salama, dada yangu. Uso nitauweka, na pale mkono wako ulipopaka sitapitisha brashi hata kidogo. Wewe umepumzika. Yeye nitamchora akiwa amechoka.

Ni mimi,
Mama Simaloi