Sanduku la Mama Halikuelea kwa Hasira

Kangemi, Nairobi
Jumapili, mwezi wa Mei, mwaka wa thelathini na moja tangu mafuriko yanitoe nyumbani

Dada yangu Nekesa,

Pole kwa baridi ya hema. Kifua kimepoa? Wajukuu wanalala pakavu? Mimi nipo, ila miguu inavimba.

Uliyonieleza kwa simu yamenikaa moyoni wiki nzima. Tuta la kuzuia mto limebomoka, maji yameingia bomani, na sanduku la mama, tulilolizika Januari, limeibuka na kuelea hadi uani kwa jirani. Sasa wazee wanadai mama amekukataa kwa sababu mligombana siku alipoondoka kuja hospitali huku, na kwamba lazima uhame boma kabla hajazikwa tena. Nekesa, mama hakukukataa. Soma haya, kisha uwasomee.

Unajua nilitunza bwawa la kuogelea la familia moja ya Kihindi kule Spring Valley. Masika moja mwenye nyumba aliagiza tulimwage maji yote lipakwe rangi. Siku chache baadaye tulilikuta limenyanyuka kutoka ardhini, nyasi zimepasuka pande zote. Mama yake akapaza sauti, "Huyu mpishi mpya ameleta mkosi!" Mpishi akaanza kufunga virago. Fundi aliyeitwa kutoka Riruta alicheka hadi akashika ukuta.

"Mzee, nani alikuambia umwage maji na mvua inanyesha hivi? Hii kitu ikiwa tupu ni mashua. Maji ya chini inaisukuma."

"Na ikijaa?" nikamuuliza.

"Ikijaa inatulia. Uzito iko ndani."

Nilitafuta vitabu, nikasoma. Kitu kikiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa mahali pake. Kikiwa chepesi kuliko maji hayo, hupanda. Sanduku la mama tulilifunga kwa mpira na gundi kwa ajili ya safari ndefu kutoka hapa, lilijaa hewa. Naye mwenyewe alikuwa mwepesi. Siku zake za mwisho nilimbeba peke yangu, mimi na miguu hii. Udongo ulipolowa ukawa uji, ukashindwa kulizuia. Hata mngeagana mkicheka, angeibuka vilevile.

Mwambie seremala atoboe matundu chini na juu ya sanduku, maji yakija yaingie na hewa itoke. Mzikeni kule juu kanisani, mpange mawe, mshindilie udongo.

Nasikia wananingoja mimi, kifungua mimba, nitupe udongo wa kwanza. Wasingoje. Nyumba yangu ilichukuliwa na mto, na mila hainiruhusu, mwanamume mzima, kulala katika nyumba ya mama. Januari nililala kwenye benchi la kanisa kama mpita njia, nyumbani kwetu. Utupe wewe, Nekesa. Waambie ni mimi niliyekutuma.

Nisalimie shangazi asiyeona, katekista wetu, na mjukuu wako mkubwa aliyeingia majini kumrudisha mama yetu.

Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Barasa