Alikuja kumchukua baba, leo anataka nimwoshe

Bi Mwanabaraka, dada yangu mpendwa, naomba msaada wako na naomba usinicheke, ingawa ukicheka pia si neno, maana mimi ni mtu wa kuchekwa, nina miaka sitini na kitu, tumbo limenitangulia, na hapa Walthamstow, London, Wazanzibari wenzangu wananijua kwa kazi moja tu, kuosha maiti, kazi ambayo haina mshahara na inawafanya watu wenye mafua wakiniona nimekuja kuwatazama wageukie ukutani.

Jambo lenyewe ni hili. Yupo mzee mmoja, Ami Shaame, aliyeletwa London na binti yake Mardhiya ili atibiwe, na sasa madaktari wamesema hawana tena la kufanya, na huyu Ami Shaame ndiye aliyekuwa jirani yetu Unguja wakati wa mapinduzi, na ndiye aliyekuja mlangoni kwetu na wenzake wenye mapanga, wenzake wakabaki nyuma kidogo, yeye akapiga hodi kwa upole kabisa, akamwita baba kwa jina lake, na baba akavaa kofia akatoka akidhani jirani ana shida, na mpaka leo hatujui alipelekwa wapi wala amelala wapi. Mimi nilikuwa mtoto, nimeshika kikombe cha uji. Nimeosha baba za watu wengi katika nchi hii, Bi Mwanabaraka. Wangu sikumwosha.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Nilikwenda hospitali na binti yangu kumtazama, kwa sababu watu wote wanakwenda na nisingekwenda ningeulizwa, na mzee akanishika mkono akasema, "Mwanangu, niwie radhi," na ulimi wangu, ulimi huu uliofunzwa na mama kwamba mkubwa akikuomba radhi hangojeshwi, ukajibu wenyewe, "Nimekuwia radhi, ami, na wewe niwie." Na wewe niwie. Mimi nimemwomba radhi yeye, sijui ya nini, labda ya ule uji. Mzee akalia, Mardhiya akalia, muuguzi akatuletea chai. Garini binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akaniuliza kwa nini nimemsamehe mtu yule, nikamwambia sikumsamehe, ile ni adabu tu, akanitazama kama anavyonitazama ninapojaribu kutumia simu yake.

Basi habari zikaenea. Msikitini watu wananishika mabega, wananiambia nimefanya jambo kubwa, na mimi nainamisha kichwa kama walii. Kisha Mardhiya akanipigia simu. "Kaka, baba anasema siku yake ikifika asiguswe na mtu ila wewe. Tangu ulipomwia radhi analala vizuri." Analala vizuri, Bi Mwanabaraka. Nikamwambia tutazungumza.

Na hapa ndipo ninapokuja kwa Nabii Yunus. Kila Jumatano mchana nakwenda laibrari, ambako mwalimu mmoja mstaafu anayeitwa Tom, Myahudi asiyesali, hutusomea maandiko ya kale ya wazee wake, si kwa ibada, bali kuona yanamwambia nini mtu anayepanga foleni ya basi. Mimi nilianza kwenda kwa ajili ya biskuti. Sasa chuoni kwetu, tulikosomea Kurani utotoni, Yunus tulikuwa tunamshangilia anapotoka tumboni mwa samaki, tukifika hapo tunafunga vitabu, lakini kwa Tom hadithi inaendelea: watu waovu wa mji aliotumwa kuuonya wanatubu, Mungu anawaachilia, na Yunus anakasirika. Anatoka nje ya mji, anakaa peke yake, anangoja uungue. Mmea unamwotea, anapata kivuli, mdudu anautafuna, jua linamchoma, anaomba afe. Mungu anamuuliza: wewe unauhurumia mmea, mimi nisiuhurumie mji mzima wa watu? Na hadithi inaishia hapo hapo kwenye swali. Tom akatuuliza, "Mnadhani Yunus alijibu nini?" Nikasema labda hakujibu, alihamia Walthamstow. Darasa zima likacheka.

Mimi ndiye yule mtu aliyekaa nje ya mji. Nilitaka uungue, na badala yake mzee analala vizuri, tena kwa radhi yangu mwenyewe. Nikikataa kumwosha nitaonekana mnafiki, nikikubali sijui mikono yangu itafanya nini. Nishauri.

Muosha wenu, Walthamstow

Jibu la Bi Mwanabaraka

Kaka yangu, pole. Pole sana, na nimesema nikiwa nimeuweka chini ushanga niliokuwa nikiutunga. Sasa nikugombeze.

Umenichekesha, kweli, lakini kila ulipomtaja baba yako umeweka mzaha pembeni yake, kama mtu anayefunika sufuria ili moshi usitoke. Moshi umeshatoka. Uache.

Ile radhi uliyompa mzee ni radhi ya mtu aliyekanyagwa kidole ndani ya basi. Yeye hakukukanyaga kidole. Tena angalia ujanja wake, au woga wake, mimi simjui: alisema niwie radhi, hakusema ya nini. Aliomba msamaha bila kulitaja kosa, na wewe ukampa bila kuuliza. Nyote wawili mlikuwa na adabu, na baba yako akabaki nje tena.

Na huyo Yunus umemsoma nusu. Kabla ya kukaa nje na kununa, aliingia mjini, akatembea, akawaambia watu wa mji makosa yao kwa mdomo wake. Wewe umeruka kazi ukaenda moja kwa moja kwenye kununa. Mwombe Tom akusomee pia zile sheria za kale za wazee wake. Watu wote wanaijua amri ya kumpenda jirani, wanaipenda kwa sababu inasikika vizuri. Kabla yake tu ipo nyingine ambayo watu wanairuka: usimchukie mwenzio kimya kimya moyoni, mkemee. Aliyeiandika hiyo, awe aliteremshiwa au aliitoa kichwani mwake, alikuwa amewahi kuishi na majirani. Alijua huwezi kufika kwenye kupenda bila kupita kwenye kusema. Na si lazima ufike. Kusema ndiyo lazima.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie Mardhiya leo, mwambie atafute muosha mwingine, wapo. Usimpe sababu ya mgongo wala ya sukari, sema huwezi, basi. Atakasirika. Wa msikitini watanong'ona. Waache, hao wameipata sifa yako bure na wataipoteza bure.

Kisha nenda hospitali. Usiende na binti yako, usiende na matunda, mwombe Mardhiya atoke. Usimshike mkono mzee. Mwambie: ile radhi naiondoa, niliitoa kwa mazoea. Mtaje baba yako kwa jina lake kamili, kama yeye alivyomwita mlangoni. Muulize mlimpeleka wapi, na mkamlaza wapi. Akijifanya amesinzia, ngoja. Akisema hakumbuki, rudia mara moja tu, kisha ondoka. Utakuwa umepoteza safari, lakini yeye hatalala vizuri, na mimi sitakuambia kwamba hilo ni baya.

Siku ya maziko, jamaa zake watasimama kuwaomba watu wamwie radhi marehemu, na watu wote wataitikia. Wewe si lazima uitikie.

Lakini nenda sasa, kabla hajaanza kupoteza kauli. Na akikuambia mahala alipolala baba yako, usimshukuru.