Zamu ya Kufagia na Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika, maana mimi ni karani katika ofisi ya kununua mahindi hapa Kitale, makarani watatu na vyumba viwili tu, na mama anayetufagilia ni mama mkwe wangu, na wenzangu hawajui kwa sababu niliona haya kusema, na kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, kwa hiyo yeye hufagia alfajiri na mimi nikifika naangalia ufagio, ukiwa umeegemezwa nje najua bado yuko ndani, nazunguka sokoni mpaka amalize aende zake. Alikuja kumwuguza binti yake, mke wangu Nasimiyu, na Nasimiyu alipofariki hakurudi kwenye shamba lake Lugulu. Huu ni mwaka wa pili na hatujaulizana hata hali, ila meza yangu huikuta imepanguswa mpaka miguuni, za wenzangu juu tu.

Sasa karani mkuu mpya, Bwana Kang'ethe, ameniambia nipange zamu za usafi kufikia Ijumaa, ati kila Jumamosi sote tusogeze makabati pamoja na huyo mama, na asiyeweza aondoke. Nimewaza niandike kwamba mfagiaji hahitajiki, tutafagia wenyewe. Lakini nikirudi chumbani hakuna anayenijua, Mshauri, na ule ufagio mlangoni ndio jamaa yangu wa pekee mji huu. Nifanye nini?

Walubengo, Kitale, 1949


Bwana Walubengo, pole kwa msiba, na pole kwa upweke. Sasa nikugombeze. Kinachokusumbua ni aibu zaidi ya mila, na kwa aibu hiyo unataka kumfukuza mama wa watu kwa kalamu.

Kesho asubuhi mwambie Kang'ethe ukweli wote. Yeye si mtu wa kwenu, atajuaje asipoambiwa? Kisha panga hivi: mama afagie alfajiri kama kawaida, na umwandike kwa jina lake. Makabati ya Jumamosi wasogeze naye wenzako wawili. Wewe osha madirisha na sakafu ya nje Ijumaa jioni, si una mikono?

Halafu, kama wazee wenu hawakatazi sauti, ukiukuta ufagio mlangoni usikimbilie sokoni. Simama nyuma ya ukuta umsalimu mama kwa lugha yenu, "Mulembe, mayi," ungoje akujibu.

Wewe unadhani anakaa Kitale kwa ajili ya mshahara wa kufagia? Ana shamba, na binti amekwisha kuzikwa. Bado anapangusa meza yako mpaka miguuni. Mwamkie.