Mlango wa Gari la Joash

Birongo,
Kupitia S.L.P. Kisii,
Jumanne, 14 Agosti 1973.

Mpendwa mdogo wangu Mogire,

Pokea salamu za nyumbani, za baba, za mama, na zangu mimi ambazo ndizo kubwa. Hujambo? Gesare hajambo, na watoto wako? Joto la Garissa limewaachia nyama kidogo mwilini, au mmebaki mifupa na sare ya polisi tu? Tunawaombea kila Sabato, na baba hakosi kulitaja jina lako kabla ya jina lake.

Sisi hatujambo kwa kadiri Mungu alivyotujalia. Baba anakohoa asubuhi lakini uji anaumaliza. Goti la mama linamsumbua mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haijui kwenda kwao. Chai imechipua vizuri. Shemeji yako Machogu anakusalimu kwa matusi yake ya kawaida, kwa sababu hujamwandikia tangu mwaka uanze.

Sasa kaa chini. Kama umesimama kituoni na hiyo bunduki yako, iweke pembeni kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mama Bathsheba wa Magwagwa, mama mzazi wa Drusilla mke wa Joash, alifariki hospitalini Jumapili. Gari la Joash ndilo lililomwua. Wana wa marehemu wameapa kwamba ndugu yetu akikanyaga boma lao hatatoka mzima, na Alhamisi ndiyo siku ya maziko. Nitakueleza yote, maana najua utasikia kwa watu, na watu wataongeza chumvi.

Gari lenyewe hujaliona, lilikuja baada ya likizo yako. Joash alilinunua kwa mkandarasi mmoja wa barabara aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Lilikuwa rangi ya maziwa, viti vya ngozi. Kwenye mlango wa nyuma wa kushoto palikuwa na ukanda mnene uliofungwa kutoka kwenye kitasa hadi kwenye kiti cha mbele. Joash alimwuliza yule mzungu ukanda ule ni wa nini, akaambiwa ni wa kutundikia koti. Akaamini! Mtu akishapenda gari hana masikio. Alipofika nyumbani aliufungua, akamfungia ndama.

Sabato ya kwanza alimpakia Mzee Ombui, mzee wa kanisa letu. Kwenye kona ya kulia mlango ule ukafunguka wenyewe, mzee akaruka nje na Biblia yake, meno mawili akayaacha barabarani. Watu walicheka. Mungu anisamehe, hata mimi nilicheka.

Joash akaenda gereji mjini, kitasa kikabadilishwa. Mlango ukafunguka tena. Akaweka kitasa cha chuma kizito zaidi. Siku ya soko pale Nyakoe mlango ukafyatuka, ukamkumba kifuani kijana aliyekuwa akipita na baisikeli, ukamvunja mfupa wa bega. Wanaume wa soko walimtoa Joash garini kwa shati, wakampiga kwa miti na mawe mpaka akaingia chini ya meza ya muuza nyama. Nilimkuta pale, sikujua ipi damu yake na ipi ya ng'ombe. Nilimwosha huku nikilia na kumtukana.

Fundi alimwambia wazi kwamba kitasa hakina kosa. Nguzo ile ambayo mlango unajifungia ilitoka kiwandani imepinda, na gari jingine la aina hiyo hiyo alilowahi kulitengeneza lilikuwa na ugonjwa huo huo. Utaweka vitasa mpaka uchoke. Dawa ni kuuchomelea mlango ufungike kabisa, watu waingilie upande wa pili.

Unafikiri alikubali? Alisema watu watamcheka kwamba ana gari kilema. Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, akanijibu kwamba mwanamke anajua nini juu ya magari. Akamvua ndama ule ukanda, akaurudisha mlangoni ulipokuwa. Nilitamani nimchape pale pale, na leo najuta kwamba sikumchapa.

Sasa ndiyo hiyo siku. Mama Bathsheba alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake, yule mtoto wa Drusilla aliyezaliwa Juni. Akakaa wiki moja, akasema anarudi kwake. Joash akasema mama wa mke wake hawezi kutembea kwa miguu huku yeye ana gari. Ilikuwa heshima, nami simlaumu kwa hilo.

Wewe unazijua chinsoni zetu, miiko ya haya na heshima. Mkwe na mama wa mkewe hawaketi bega kwa bega wala hawatazamani usoni. Kwa hiyo kiti cha mbele, kilicho salama, kikawekwa mkungu wa ndizi. Drusilla akakaa nyuma ya mumewe na mtoto mapajani, na Mama Bathsheba akawekwa pembe ya mbali kabisa na dereva, jinsi adabu inavyotaka. Pembe hiyo ndiyo ya mlango ule. Tena Joash, ili asimwone mama mkwe wake usoni, akakigeuza kioo cha dereva kikatazama juu.

Ilimpasa amwambie habari za ukanda. Lakini mkwe atafunguaje kinywa kumwambia mama wa mkewe kwamba amemkalisha mahali pabaya? Alimnong'oneza Drusilla, na akamwomba asimwaibishe. Drusilla naye akasema tu, "Mama, huo ukanda uache ulivyo." Hakusema kwa nini.

Ukanda ulimpita mama yule kifuani, unamkwaruza, unanuka ndama. Drusilla alipoinama kumnyonyesha mtoto, mama akaufungua polepole, akaukunja vizuri, akaushika mkononi. Mtu mzima wa heshima zake, afungwe kama mnyama? Hata mimi ningeufungua. Joash hakuona kitu.

Kwenye kona ile ya kulia, mteremko wa kwenda mtoni kabla hujafika Magwagwa, mlango ukafyatuka. Mama Bathsheba alishika nguzo kwa mkono mmoja, nusu ndani nusu nje. Gari likayumba kwenye matope, mlango ukarudi kwa nguvu zake zote ukamponda vidole. Akaachia. Gurudumu la nyuma likampanda nyonga. Drusilla aliniambia usiku ule kwamba sauti ya mfupa ule anaisikia hata akipika.

Na sasa sikia jambo linalonichoma kuliko yote. Joash alikimbia mpaka pale alipolala mama, akasimama. Mogire, alisimama tu! Damu inatoka kinywani mwa mama wa watu, naye amenyoosha mikono hewani, hawezi kumgusa kwa sababu ni mama mkwe wake. Akawa anaita watu wa mashambani waje wambebe, na mashambani hakukuwa na mtu. Drusilla akamweka mtoto kwenye nyasi, akampiga mumewe kofi la uso, kisha la pili, akapiga kelele, "Mbebe! Mbebe, ama wewe ndiye umemwua!" Ndipo akambeba. Alimfikisha hospitalini akiwa hai, lakini mama hakusema neno tena.

Kesho yake wanawe walikuja, Ombati na wadogo zake, na marungu na mapanga. Baba alisimama langoni kuwasalimu, wakamsukuma akaanguka kwenye mfereji. Walimkuta Joash akimkamua ng'ombe. Walimpiga mbele ya mama yetu mpaka mkono wake wa kushoto ukavunjika mara mbili, na bado wanapiga, naye hajikingi, anasema tu, "Ni haki yenu." Mimi sikuona haki yoyote. Nilichukua mpini wa jembe nikampiga nao Ombati mdomoni, na nikisema ukweli mbele za Mungu, ningekuwa na nguvu zaidi ningempasua kichwa. Alitema damu akanitazama kwa mshangao. Kisha wakalitia gari moto, wakamchukua dada yao na mtoto, wakaondoka. Baba alikaa kwenye nyasi akaliangalia likiungua, akasema heri.

Na sasa mama yao amekufa.

Joash amesema Alhamisi atakwenda. Mkwe asipofika kumtupia udongo mama wa mkewe, amekiri kwamba alimwua kwa kusudi, na Drusilla si mke wake tena. Akifika, wale vijana wananoa mapanga mchana kweupe, watu wamewaona. Chifu ameahidi askari wawili. Askari wawili na Magwagwa nzima, wewe ni polisi, hesabu mwenyewe.

Nimelia, nimemsihi, nimemwambia Mungu anaona moyo hata ukiwa Birongo. Amekataa. Ni mara ya kwanza maishani namwona Joash hana kiburi, na ndiyo siku ninayotaka awe nacho.

Basi nitakwenda naye. Nitashika kamba ya ng'ombe wa rambirambi na kutangulia, yeye anifuate na mkono wake uliofungwa mbao. Baba amesema mwanamke hatangulii mbele ya mwanamume kwenda kilioni, tena mwanamke aliyemvunja mtu meno. Nimemjibu kwamba adabu tulizishika zote ndani ya gari lile, na mtu amekufa.

Barua hii ikikufikia tutakuwa tumeshazika. Kama umepata habari njema kabla yake, msifu Bwana. Kama umepata ile nyingine, nakupigia magoti, mimi niliyekubeba mgongoni: usije na bunduki. Njoo na suti yako nyeusi. Najua ninakuomba jambo ambalo mimi mwenyewe sina, maana nikimkumbuka Ombati nautafuta ule mpini wa jembe. Lakini wao wamezika mama. Hatuwezi kuwaongezea.

Jioni hii Mokeira, yule muuza ndizi, amepita hapa akitoka Magwagwa. Ameleta neno la Drusilla, nalo ni hili tu: "Mwambieni aje. Nitakuwa langoni." Mokeira anasema Drusilla amewaambia kaka zake wote kwamba ataingia na mumewe mpaka kaburini, mtoto mgongoni, mkono wake kiunoni mwa Joash mbele ya wazee na wachungaji, bila haya. Atakayeinua panga itabidi alipitishe kwake kwanza. Ombati alimlea yeye tangu baba yao alipokufa, na hajawahi kumpiga hata kofi. Hilo ndilo tumaini letu, Mogire, hatuna jingine.

Nisalimie Gesare, umwambie maziwa ya mgando atayakuta. Wabusu watoto. Mama anakubariki, baba anakubariki, na Nyasae, Mungu wetu, akulinde huko kwenye mchanga, akupe usingizi na moyo wa upole.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kuziogopa hasira zako kwa kuwa ni zile zile zangu,

Nyanchera