Neno la Kizungu kwa Michongoma ya Nyanya

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na mimi tangu alfajiri nina kiwewe.

Sababu yenyewe ni ndogo, hata naona haya kuiandika. Jana darasani mtoto mmoja aliinua mkono akaniuliza maana ya neno "bramble", alilolikuta katika kitabu cha hadithi. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi. Swali kama lile ningelijibu huku nafuta ubao. Badala yake nilisimama nimeishika chaki mpaka ikavunjika. Nikasema ni kichaka cha miiba kinachojiotea chenyewe mahali palipoachwa. Nikarudia: kinachojiotea. Nikarudia tena. Watoto wakatazamana.

Neno lile nililijua kwa gharama.

Nilikuwa kidato cha pili, mwishoni mwa miaka ya themanini, kwetu Bofu. Babangu alikuwa mwalimu wa chuo. Alisomesha watoto Kurani asubuhi na jioni, na katikati alilima muhogo katika shamba aliloachiwa na mamake. Shamba lile halikuwa na karatasi. Lilikuwa na michongoma tu, ua mrefu wa miiba ulioanza kupandwa na nyanya mwenyewe alipofiwa na mume, ili mbuzi wa watu wasimmalizie mihogo. Michongoma ile ilinirarulia nguo za Idi mara mbili, kwa hivyo siwezi kusema niliipenda.

Mwaka ule ikatangazwa kwamba mashamba yatapimwa na wenyewe wapewe hati. Jirani yetu mpya, Bwana Rashidi, aliyekuwa amenunua upande wa chini, akadai kwamba mpaka wake unapita katikati ya muhogo wetu. Michongoma, alisema, ni pori tu, haikupandwa na mtu. Tukishindwa, nusu ya shamba ingekwenda, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na kisima.

Baba akatakiwa apeleke maelezo kwa maandishi, na ofisini walipenda Kiingereza. Baba aliandika vizuri sana kwa herufi za Kiarabu. Za Kizungu hakuijua hata moja, na Bofu nzima ilijua hivyo. Jamaa wakamshauri amwendee bwana mmoja wa Likoni aliyekuwa akiwaandikia watu barua. Akakataa. Akasema anaye karani nyumbani, tena msomi. Alilisema hilo msikitini, mbele ya watu, na mimi niliposikia nilivimba kichwa kwa wiki nzima.

Tukakaa barazani baada ya alasiri, yeye anasema, mimi naandika. Tulipofika kwenye michongoma nikakwama. Ningeweza kuandika ua wa miiba, maneno mepesi niliyoyajua tangu darasa la tano. Lakini niliyaona ya kitoto. Nilitaka neno ambalo afisa akilisoma atauliza, nani huyu aliyeandika? Nikalikumbuka "bramble", nililolisoma katika kisa cha mtoto aliyechomwa na miiba. Sikujua ni mti gani. Nililipenda tu linavyojaa mdomoni.

Baba akauliza, "Hilo ndilo jina lake kwa Kizungu?"

"Ndilo, baba."

Ningesema sijui, ningepungukiwa na nini? Baba akatia sahihi yake ya Kiarabu chini ya barua, tukaipeleka.

Shauri lilipangwa kusikilizwa siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Asubuhi yake, shuleni, nilimwendea mwalimu wetu wa Kiingereza kujigamba. Akacheka, kwa wema tu. Akanieleza kwamba hicho ni kichaka cha huko Ulaya, kinaota chenyewe kwenye ardhi iliyotupwa, na kwamba mkulima ukimwambia shamba lake limejaa hicho, umemtukana. Barua yetu, yenye sahihi ya baba, ilikuwa inasema maneno yale yale ya Bwana Rashidi.

Nilirudi nyumbani mbio. Baba alikuwa anatawadha kwa ajili ya adhuhuri. Muda wa kumwambia nilikuwa nao, tena tele. Kabla ya saa nane tungeweza kwenda wote wawili kwa afisa tukamweleza. Baba alipomaliza kuosha miguu akaniita.

"Abee."

"Mbona watweta? Una nini?"

"Sina kitu, baba."

Mkutano ulifanyika pale pale shambani. Afisa aliletewa meza na kiti kutoka chuoni kwetu. Wazee wa kamati ya mashamba wakakaa kwenye mikeka, na sisi wanawake tukasimama nyuma, karibu na kisima. Afisa alikuwa mtu wa bara, kijana, mwenye adabu. Alisoma barua kimya, akairudia, kisha akainua uso. Alisema haelewi ameitiwa nini, maana mlalamikiwa mwenyewe amekiri kwa maandishi kwamba mpaka wake ni kichaka kilichojiotea. Bwana Rashidi akatabasamu. Baba akanitafuta kwa macho, na mimi nikatazama chini.

Akaelewa.

Afisa akauliza, "Nani aliyeandika barua hii?"

"Mimi," baba akasema.

Halafu mtu mmoja akacheka, na mwingine, mpaka mikeka yote ikawa inacheka. Walikuwa wanamcheka babangu, ambaye watu walimwita awe shahidi wa ndoa zao kutoka Mtongwe mpaka Shika Adabu kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema lisilokuwa. Nilitamani ardhi inimeze, na bado sikufungua mdomo.

Afisa hakucheka. Aliitazama ile sahihi ya Kiarabu, akasukuma kalamu na karatasi mezani, akamwambia baba aliandike basi neno hilo, "bramble". Baba akaishika kalamu. Mkono wake, uliozoea kuanzia kulia, ukaenda kulia, ukasita, ukarudi kushoto, ukabaki umening'inia. Naiona kalamu ile mpaka leo.

Hapo ndipo nilipojitokeza mbele. Nilisema kwamba barua niliandika mimi, neno sikulijua maana yake, na niliona haya kusema sijui. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Afisa akaniuliza, michongoma ni nini basi? Nikamjibu kwamba kwa Kiingereza sina jina lake, bora aje aone. Akaja. Nikapiga magoti nikaingiza mikono kwenye miiba kuifungua, ikanichana mpaka viwiko. Sijui nilitarajia kumwonyesha nini. Labda mashina tu, yalivyopangwa mstari. Lakini ndani kabisa, chini, mashina yalikuwa yamesukwa. Moja limepita juu ya jingine na chini ya la tatu, vile tunavyosuka makuti ya ua, yakanenepa hivyo hivyo mpaka yakaumana. Nyanya aliyapinda yangali mabichi. Afisa akachuchumaa akatazama. Akatembea hatua kumi, akafungua tena. Akaenda mpaka pembeni, akafungua mara ya tatu. Kote yalikuwa yamesukwa.

Mzee mmoja wa kamati akasema hiyo ni kazi ya mkono wa marehemu, na yeye akiwa kijana alimwona akiifanya, alisahau tu. Mpaka ukaandikwa kwenye michongoma. Shamba likabaki letu lote, pamoja na kisima.

Nilidhani baba atafurahi. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma, damu imenikauka mikononi. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Ungeniambia pale nilipokuuliza una nini, nisingesema uongo mbele za watu."

Hakunipiga wala hakunigombeza. Baada ya wiki mbili wakaja jamaa kumwomba awe shahidi wa ndoa ya binti yao. Akakataa kwa upole, akawaelekeza kwa mwenzake. Wakaja wengine, akakataa. Aliendelea kusomesha, alilima, alitania watu kama zamani, lakini ushahidi hakuusimamia tena. Wengi walidhani ni uzee. Hata miaka hamsini alikuwa hajafika.

Miaka ya tisini, nilipokwisha kuwa mwalimu, nilipata ujasiri nikamwendea. Nilimwambia uongo ule ulikuwa wangu, yeye alinifunika tu, na Mungu anajua.

Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, uliogopa. Mimi nilijua ninachokisema."

Akafa na hukumu hiyo aliyojipa mwenyewe.

Kisa hiki nimewasimulia wanangu mara nyingi. Huanzia kwenye miiba na kuishia kwenye hati, na shujaa ni mimi na mikono yangu iliyochanika. Baba na ile kalamu huwa nawaruka. Nimewaruka kwa wanangu, kwa mume wangu, hata kwa jamaa waliokuja matanga wakauliza kwa nini mwalimu aliacha kusimamia ndoa za watu. Niliwajibu kwamba alichoka.

Hakuchoka. Kesho jioni nitawaita wanangu wote, niwasimulie upya, na safari hii sitaruka kitu. Watanitazama tofauti, najua, na nina hofu kama ile ya siku ile.

Lakini babangu alikuwa mtu mkweli, na shahidi wake nimebaki mimi peke yangu.