Saa Aliyozaliwa Minshu

Dada yangu mpendwa Suwen,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka humu ndani ya kuta. Hujambo wewe? Magoti yamekuachia baridi hii, au bado yanakunyima usingizi? Shemeji naye, na wajukuu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Bibi Guanyin mwenye huruma. Roho ndiyo inayoumwa, na ndiyo maana mwandiko wangu huu mbaya umekuja kukusumbua.

Viatu ulivyotuma vilifika. Minshu alivivaa papo hapo. Qiaoyun akamcheka kwamba anatembea kama bata aliyekanyaga kaa la moto, wakafukuzana uani mpaka mzee Bian, towashi wa mlangoni petu, akawafokea, "Nyie ni mabinti wa Mfalme au ni mbuzi?" Qiaoyun akamjibu kwamba mbuzi angalau hawaozwi mbali. Alisema kwa utani. Mimi niliingia ndani nikajifanya natafuta uzi.

Umeniuliza kwa nini anayepelekwa kuolewa nyika za kaskazini ni Qiaoyun, na huko nje mlisikia ni Minshu, aliye mkubwa. Ngoja nikueleze, ila usimsomee mtu.

Unajua Minshu nimemzaa, na Qiaoyun nimemlea tu. Mama yake ni Lou, yule mtumishi wangu wa zamani aliyekuwa akinichana nywele, mpaka Mfalme alipomwona. Alipewa cheo cha chini kabisa cha usuria na chumba kimoja nyuma ya ua wangu. Alipojifungua, sheria ya humu ikafuata mkondo wake: mwenye cheo kile halei mtoto wa Mfalme. Waliniletea kichanga kimefungwa kwenye hariri, na Lou huko nyuma maziwa yanamlowesha nguo. Mpaka leo Qiaoyun huniita Mama. Naye, bila kujua, humwamkia mama aliyemzaa "Shikamoo, Bibi Lou" na kupita.

Majira ya majani kupukutika, Mfalme aliahidi kumwoza binti yake kwa mwana wa chifu mmoja wa kaskazini, mwanamume ambaye ameshazika mke mmoja. Malkia akaniita. Alikuwa akibangua mbegu za tikiti, akaniambia kama anayechagua kitambaa, "Huilan, wako wawili ndio waliofikia umri. Niletee saa walizozaliwa, wanajimu wapime ipi inapatana na ya bwana harusi." Nikasema ndiyo, Mama Malkia. Dada, wanaokwenda kule hawarudi. Na kifua cha Minshu unakijua, upepo kidogo tu anakohoa mpaka anashika ukuta.

Jibu la wanajimu halikuchelewa. Minshu kazaliwa saa ya Simbamarara, alfajiri kabla ya mwanga, na bibi harusi wa saa hiyo humla mumewe. Basi aende Qiaoyun. Wake wenzangu wakaja na keki za kunazi kunipa pole, nami nikazila.

Lou alikuja mwisho, mikono mitupu. Hakuketi hata nilipomwomba. Bado huniita Bibi, kama zamani. Akaniambia polepole, "Bibi, asubuhi ile mimi ndiye niliyekushika mgongo. Mtoto alipolia, jua lilikuwa limeshaingia dirishani."

Dada, ni kweli. Minshu alizaliwa saa ya Sungura, jua limetoka. Saa ya Simbamarara niliitunga mimi. Mkunga alikwishakufa, na saa ya mtoto humu hutolewa na mama aliyemlea, hakuna wa kumwuliza. Ya Qiaoyun niliitoa sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza. Nilimpeleka mtoto wa mwenzangu kwa kusema kweli, na wangu nikamficha kwa uongo. Na uongo wenyewe umemchafua, maana ni nyumba gani sasa itamposa msichana wa saa ile?

Nilidhani Lou atanirukia. Laiti angenirukia. Alisema hatanishtaki, kwa kuwa kumdanganya Mfalme kutamwangukia Minshu pia, na Minshu naye kambeba mgongoni. Aliomba jambo moja tu: siku ya safari amchane Qiaoyun nywele, na amwambie kwamba yeye ndiye mama yake. Nikamjibu nitafikiri. Mimi huyo, dada, nikamjibu nitafikiri.

Na Qiaoyun mwenyewe juzi kanikuta nalia mbele ya uvumba. Akanifuta uso kwa mkono wa nguo yake, akasema, "Mama, acha bwana. Afadhali mimi. Da' Minshu kule angekufa kabla hajashuka farasi." Tangu hapo siwezi kumaliza sala. Naanza, nikifika jina la Bibi Guanyin ulimi unakuwa mzito, naweka tasbihi chini.

Nikienda kwa Malkia nikasema kweli, msafara utasimama. Mimi nitaadhibiwa, hilo silijali sana. Ila atakwenda Minshu. Basi nakuuliza wewe uliyenilea baada ya mama yetu kufa: niseme, au ninyamaze?

Lakini nisikudanganye na wewe. Mwanzo wa barua hii niliuandika mwezi ukiwa mchanga. Bian kila akija kuichukua namwambia bado kidogo, na leo mwezi umejaa. Msafara unaondoka keshokutwa, na barua haifiki kwako kabla hawajavuka ukuta wa mpakani. Nilijua hivyo kila nilipomrudisha mzee wa watu.

Kitana nimempa Lou asubuhi hii. Nimemwambia achane, asiseme neno. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru.

Nisalimie shemeji, wabusu wajukuu, na Minshu anakushukuru kwa viatu. Nakuomba unijibu upesi, dada yangu, hata kama ni kwa kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Huilan