Kengele Iliyolia Jumatano

Kebirigo, Nyamira
Alhamisi, 21 Agosti

Kwa kaka yangu Onyiego,

Pokea salamu kutoka nyumbani, ambako mvua ya alasiri imerudia saa yake ileile unayoijua na matope ya njia ya mtoni yameanza tena kuvua watu viatu. Hujambo lakini? Kifua kilichokusumbua wakati wa vumbi kimepona? Valentine, tangu aje likizo, anasema huko Doha shati hukauka kabla hujalikung'uta, nasi tukamwambia apunguze chumvi. Sisi tu wazima. Tata bado hulala dukani Kisii siku za kazi na kuja Ijumaa. Mama amemaliza semina ya walimu. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni, na Mama hataki apewe jina mpaka wewe useme.

Najua utashangaa kupata karatasi, ilhali ningekutumia ujumbe ukaupata papo hapo. Nimeandika haya kwenye simu mara tatu, na mara tatu nikafuta. Karatasi haifutiki vizuri. Valentine anarudi huko Jumanne na ameahidi kukupa mkononi bila kuifungua, ingawa alinitania sana kwamba mimi nisiyesema hata kanisani nimepata wapi ya kujaza kurasa.

Mama alikwambia kwamba Magokoro, nyanya yetu, yuko kwa Shangazi Nyanchera kule Nyanchwa ili awe karibu na hospitali. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine inahusu sanduku lako.

Unaikumbuka ile Desemba ulipolitengeneza? Nilikuwa darasa la tano. Magokoro alikuwa amepoteza jicho la pili mwaka huo, na kilichomuuma zaidi ni kutojua jua linatua lini siku ya Ijumaa. Aliogopa Sabato imkute moto wake unawaka. Alikuwa akituma watoto nje kila mara wakaangalie kilima, mpaka Ombati jirani akamwita askari wa jua wa kata nzima. Wote tulicheka isipokuwa wewe. Ukachukua bodi ya kompyuta uliyoinunua mtumba Kisii, mota ya redio kaseti iliyokufa, na ile kengele ya mkono iliyotupwa na shule ya Mama, ukavitandaza kwenye meza ya jikoni wiki nzima utengeneze sanduku la kupiga kengele jua la Ijumaa likitua. Tukawa tunakula kwenye mapaja.

Ndipo uliponieleza kwamba kerneli, ule moyo wa programu unaoamsha mashine, huamka kipofu. Haijui kama kuna mota wala kama kuna saa, hadi isome maelezo ya vifaa: saa iko hapa, jina lake hili, mota iko pale, izungushe hivi. Nikasema basi ni kama unavyomwambia Magokoro akiingia nyumba ngeni, kiti mkono wako wa kushoto, meza hatua mbili, jiko kulia usiguse. Ulicheka hadi chuma cha kulehemu kikakuunguza kidole. Ukaniruhusu nitunge jina la bodi yenyewe, nami nikaandika "Mlango wa Sabato, Kebirigo". Sijawahi kuona maandishi yangu yakipewa heshima kama ile.

Maelezo hayo uliyaandika ndani ya chipu ya bodi, si kwenye kadi ya kumbukumbu. Ulisema kadi itakufa siku moja na nitaibadilisha, na kerneli mpya zitakuja, ila wanaozitengeneza wana sheria yao: maelezo ya zamani lazima yaendelee kueleweka. Yale ya kwenye chipu nisiyaguse. Ulipoondoka, hiyo ndiyo kazi pekee uliyoniachia.

Basi mwezi wa saba kadi ilikufa. Nilifanya kama ulivyonifundisha: kadi mpya, kerneli mpya, tarehe nikaiweka kwa mkono. Ijumaa mbili kengele ikalia vizuri, nami nikajiona fundi. Kisha Jumatatu ya tarehe nne radi ikapiga huko Ekerenyo na stima ikapotea. Ilirudi saa tisa za usiku wa kuamkia Jumanne.

Alhamisi asubuhi, Mama akiwa bado kwenye semina, Drusilla wa kwaya alipita na kikapu chake cha chai akamkuta Magokoro amesimama langoni. Alikuwa amevaa gauni jeupe, Biblia kwapani, anangoja kuongozwa kanisani. Drusilla akamwambia leo ni Alhamisi. Magokoro akasema haiwezekani, kengele ililia jana jioni, na moto ameuzima kwa mkono wake. Drusilla akazunguka kwa majirani akiuliza. Ombati akajibu kwamba Sabato ya Jumatano labda imeletwa na kanisa jipya, wampe anwani. Kengele yenyewe iko chumbani kwa Magokoro, unajua haisikiki mpaka kwa Ombati. Ikasemwa kwamba hakuna kengele iliyolia. Ikasemwa kwamba uzee umepanda kichwani. Jumapili Shangazi akaja na gari, akasema mtu anayesikia kengele zisizolia ataweza pia kuwasha moto asioukumbuka, hafai kubaki hapa na watoto wa shule. Magokoro hakubishana. Alifunga nguo zake katika leso mbili na kuniomba nimwagilie mboga zake za chinsaga.

Baada ya gari kuondoka nilifungua laptopu yako ya zamani, nikaiunganisha na sanduku. Sanduku liliamini kwamba tuko mwaka wa 1970, maana kompyuta isiyojua tarehe huanzia hapo. Stima iliporudi lilianza kuhesabu kutoka Alhamisi ya kwanza ya mwaka huo, ambayo huhesabiwa kwa saa za dunia, na kwa hiyo kwetu huanza saa tisa za usiku. Kwa hiyo saa ilikuwa sawa kabisa, ila Jumanne likaiita Alhamisi, na Jumatano likaiita Ijumaa. Ile saa yenye betri, inayokumbuka tarehe stima ikipotea, ilikuwa nzima na inatembea. Kerneli mpya ndiyo haikuiona. Maelezo yako yanaita chipu ya saa kwa jina lake la zamani, na jina hilo lilikuwa limefutwa.

Nilitafuta hadi nikapata mahali lilipofutwa. Watengenezaji wa kerneli hujadiliana kwa barua pepe ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mmoja wao alikuwa ameuliza kama kuna mtu bado anatumia jina lile. Wakangoja wiki tatu. Hakuna aliyejibu, wakaliondoa. Waliuliza dunia nzima, Onyiego, na sisi tulikuwa hapa tunachuma chai.

Ningeweza kubadilisha jina kwenye chipu, kazi ya dakika kumi. Niliogopa kuyaharibu maneno yako, na nikafikiri pia kwamba huenda kuna sanduku lingine mahali fulani, la mtu mwingine. Kwa hiyo niliwaandikia. Barua ya mistari sita ilinichukua siku tatu. Unanijua: mwalimu akisema nisome kwa sauti natamani sakafu ipasuke. Nilibonyeza kutuma nikakimbia nje kwa ndama, kana kwamba wangenifuata.

Jibu lilikuja kesho yake kutoka kwa mwanamke anayesimamia sehemu ya saa. Hakunicheka. Alisema kosa ni lao, kwamba bodi iliyofungwa kwenye ukuta wa mtu haiwezi kuambiwa ibadilike, ni kerneli inayopaswa kuikumbuka. Akaniuliza nilijuaje kwamba saa haisomwi. Nikamwandikia hivi: kengele ya Ijumaa ililia Jumatano, nilikuwa jikoni, niliisikia kwa masikio yangu. Mtu mwingine akadakia kwamba hiyo ndiyo taarifa ya hitilafu tamu kuliko zote alizosoma mwaka huu.

Yule mwanamke alituma rekebisho ili nilijaribu. Laptopu yako ilichukua siku nzima kuitengeneza ile kerneli, ikapata moto hadi paka akalala juu yake. Nikachomoa waya wa stima, nikahesabu saa mbili, nikachomeka. Sanduku likaamka likijua kwamba ni Jumatatu, tarehe kumi na nane. Jina la zamani limerudishwa, na chini yake wameandika kwamba hitilafu iliripotiwa na Sharon Nyamoita Machogu, na rekebisho likajaribiwa na yeye huyohuyo.

Sasa rudi kwenye maneno niliyomwandikia yule mwanamke wa saa, uyasome tena.

Niliisikia, Onyiego. Jumatano ile nilikuwa namenya ndizi jikoni kwa Magokoro, na kengele ikalia mara saba kama ulivyoipanga. Magokoro akamwagia moto maji, akapangusa mikono, akageuka upande wangu akasema Sabato njema, omwana one, mwanangu. Nami nilijua ni Jumatano. Nilijua pia kwamba mimi ndiye niliyeweka kadi. Nikamjibu, Sabato njema, Magokoro. Niliwaza nitalirekebisha sanduku usiku na kesho nitamweleza taratibu. Kesho ilipofika, Drusilla aliniuliza langoni mbele ya Magokoro kama nilisikia kengele. Aliniangalia kwa yale macho yake, nami nikasema: sikusikia.

Ingekuwa afadhali kama Magokoro angenikaripia. Alisema kama mtoto hakusikia, basi ni kichwa changu. Aliniamini mimi akaacha kuyaamini masikio yake, na masikio ndiyo pekee aliyobakiwa nayo. Watu wa nchi nisizozijua wanajua kwamba kengele ililia. Yeye hajui.

Kesho nitabeba sanduku kwa bodaboda hadi Nyanchwa na kumwambia kabla halijalia. Tafadhali, usimpigie Shangazi simu unitangulie. Nimeanza na wewe kwa sababu uko mbali na siwezi kuona uso wako. Barua sitaifunga kwanza.

*

Jumapili, 24 Agosti

Nimerudi. Nilifika Ijumaa saa tisa, matope mpaka magotini, sanduku nimelifunga kwa sweta ya shule. Shangazi alikuwa jikoni anaharakisha mapishi. Nilimkuta Magokoro ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Shangazi alikuwa amemwambia asijisumbue kuuliza saa, ataambiwa. Nilimweleza yote kwa Ekegusii, kwa sababu kwa Kiswahili ningejificha nyuma ya maneno mazuri.

Alinyoosha mkono akalipapasa sanduku. Kisha akauliza kitu kimoja tu, ililia mara ngapi. Nikasema saba. Akasema ndiyo, saba, mimi pia nilihesabu saba. Akaniambia nimwite Shangazi, nirudie hayo yote mbele yake, na nisimame nikisema. Nilisimama. Nililia katikati, naye hakunionea huruma, aliniambia nimalize. Shangazi akaketi na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua.

Nilipomaliza Magokoro alisema lile la Drusilla tutalimaliza Kebirigo, langoni palepale, na mimi ndiye nitakayesema. Halafu akacheka kidogo, akasema Sabato ile ya Jumatano aliishika vizuri kuliko nyingi, maana hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja kumchosha.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini kengele ililia. Aligeuza uso upande wangu akangoja. Nikasema, nimeisikia, Magokoro. Ndipo akanitakia Sabato njema.

Leo asubuhi tumerudi naye nyumbani. Alipita kwanza kwenye chinsaga, akazipapasa, akasema nimezimwagilia vibaya.

Kesho nafungua shule. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa karatasi, mpe Valentine akija Desemba, nitasoma yote. Tata na Mama wanakusalimu, Shangazi pia, na ndama anangoja jina. Magokoro anasema ule mboga mbichi zaidi na uache kulala na feni. Anasema pia nikuandikie kwamba mlango wako wa Sabato bado unafunguka.

Ni mimi dadako anayekukumbuka kila Ijumaa,
Sharon Nyamoita